Jahazi lililolia usiku

Simu iliita saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa nne. Namba ilikuwa ya dada mmoja wa Dar es Salaam aliyenunua kwangu jahazi la mbao la kuweka sebuleni, urefu sentimita 44, zawadi ya baba yake aliyestaafu kazi ya bandarini. Salamu ilikuwa fupi. "Fundi, lile jahazi lako limelia usiku. Mzee kaamka na fimbo akijua ni mwizi."

Nikamwomba picha. Sitaha ya nyuma ilikuwa imeinuka katikati kama mgongo wa paka aliyekasirika, na upande mmoja wa ukingo umeng'oka, umelala juu ya kitambaa cha meza. Chombo hicho hakikuwahi kugusa tone la maji. Kilikuwa kabatini, nyuma ya kioo, tangu Desemba.

Nilikaa kitandani nikiitazama ile picha. Kwamba kosa ni langu nilijua. Liko wapi hasa, hilo sikulijua, na ilibidi nipande basi na kuulizwa swali moja na yule mzee ndipo nikaliona.

Mimi si mtu wa pwani. Nimekulia Tukuyu, kwenye migomba na mvua, na chombo cha kwanza kikubwa cha majini nilichokiona kwa macho yangu ni MV Songea, imetia nanga Itungi, Ziwa Nyasa, siku mjomba aliponichukua kwenda Kyela kufuata mchele. Maneno kama mkuku (ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo), taruma (ubavu wake), fashini na henza nimeyapata ukubwani. Huku nyanda za juu ukisema mlingoti watu wanaelewa mkaratusi, ule mti wa nguzo. Nilipomwambia mke wangu kwamba leo nachonga milingoti miwili, aliniuliza shamba nimenunua lini.

Karakana yangu iko Mafiati, Mbeya mjini. Mashine ya CNC, ile inayochonga yenyewe kwa kufuata mchoro wa kompyuta, niliinunua kwa ajili ya milango, vichwa vya vitanda na mimbari za makanisa. Ni ya meza ndogo, sentimita 60 kwa 40, na spindo yake, mhimili unaoshika biti ya kukatia, inazunguka hadi mara 24,000 kwa dakika. Jahazi la kwanza nililianza msimu ambao wateja wa milango walikuwa wameadimika, na nilikuwa na imani moja ya hovyo: kwamba mashine inayokata kwa usahihi wa sehemu ya kumi ya milimita itaniondolea taabu ya kuchagua mbao. Ubao wowote, ilimradi mchoro uwe safi.

Nikachukua paini. Mbao za paini zinafika Mbeya kila siku kutoka Mafinga, zile za Sao Hill na za mashamba ya wananchi wa Mufindi, na nyingi zinashushwa zikiwa bado na maji ya mti. Ukipiga msumari maji yanachungulia. Nikakata mataruma 13 kwa mchana mmoja. Yalitoka mazuri hadi nikayapiga picha na kuwarushia wateja. Siku ya tatu yalikuwa yamejikunja kama dagaa walioachwa juani, na nafasi za milimita 4 nilizozikata kwenye mkuku hazikukubali hata taruma moja. Nikaanza kuikagua mashine. Nikakaza skrubu, nikapima upya hatua za mota, nikamgombeza kijana wangu kwamba amechezea faili. Siku mbili nzima. Mwishowe jirani anayetengeneza makabati ya jikoni aliniazima kipimo cha unyevu, nikakichoma kwenye kipande kilichobaki: asilimia 27. Mashine ilikuwa imekata sawasawa kabisa. Ubao ndio ulikuwa bado safarini.

Jahazi la pili nikalifanya kwa mninga wa Chunya, wenye risiti na kibali cha usafirishaji, kwa sababu mninga ni mti mtulivu. Ukishakauka hautanuki wala kusinyaa sana, ndiyo maana mlango wake haukwami msimu wa mvua. Kwa utulivu haukuniangusha. Nilipomaliza kulipiga msasa, kijana wangu alilizunguka mara mbili akasema, "Bosi, linafanana na mlango." Alikuwa sahihi, na nilichukia. Mninga una nyuzi pana na vitundu vinavyoonekana kwa macho. Kwa kipimo cha moja kwa hamsini, kitundu cha nusu milimita kinakuwa tundu la sentimita mbili na nusu kwenye chombo halisi. Hakuna nahodha atakayepakia shehena kwenye jahazi ambalo kidole kinapita ubaoni. Ile michirizi inayouza mlango, kwenye kitu cha kushika mkononi inakuwa kelele.

Ndipo nikaanza kutafuta miti ambayo wauza mbao hawaiweki sokoni. Mpera. Mlimau. Na mbuni, hasa mbuni: wakulima wa kahawa kule Mbozi wanapong'oa mashina yaliyochoka, yanakwenda jikoni kama kuni, na ndani yake kuna mti mweupe wa kuelekea manjano, mgumu, ulioshikana hata nyuzi huzioni. Ubao hupati humo, mashina ni membamba. Lakini kwa kapi za kamba, mkono wa usukani na vipande vyote vya urefu wa kidole, sijapata mti wa kuushinda. Mama mmoja aliniuzia gunia zima kwa bei ya kuni, akanionea huruma kwamba mjini mkaa umepanda kiasi hicho. Sikumsahihisha.

Mpingo nao ulinifundisha mwendo. Kila mtu akikata mti mgumu, akili inamwambia apunguze kasi, nami nikafanya hivyo: nikaiacha spindo izunguke juu kabisa na nikaipeleka meza polepole, kwa adabu, kama mtu anayembeba mgonjwa. Moshi ukatoka. Kingo za vipande zikawaka na biti ya milimita 1 ikavunjika, na ya pili yake, na ya tatu. Ilikuwa mpaka nilipookota vumbi na kulifikicha ndipo nikaelewa. Lilikuwa unga laini kama wanja. Biti inayokata vizuri hutoa vibanzi, hata kama ni vidogo sana. Inayotoa unga haikati, inasugua, na kusugua huleta moto. Nikashusha mizunguko, nikaongeza mwendo wa meza, nikapunguza kina hadi sehemu tatu za kumi za milimita kwa kila pito. Moshi ukaisha. Biti za bei rahisi bado zinavunjika, lakini sasa zinavunjika kwa uzembe wangu mwingine.

Kuna mambo madogo ya mezani ambayo kwenye milango hayaonekani. Mlango ukikosea nusu milimita nani atajua? Lakini ukiwa unakata vibao vya unene wa milimita moja, meza iliyoinama nusu milimita imekula nusu ya kazi yako. Kwa hiyo chini naweka ubao wa kafara, na kila nikianza kazi mpya mashine inaufyeka wote juu kwanza, ulingane na mwendo wa spindo yenyewe. Vipande vidogo navishika kwa selotepu ya karatasi: moja chini ya kipande, moja juu ya ubao wa kafara, katikati supaglu. Vinabanduka bila kuvunjika. Umeme ukikatika mashine inasahau iko wapi, na huku kwetu haukatiki kwa miadi, kwa hiyo nimetoboa mashimo mawili ya vigingi kwenye ubao wa kafara. Ukirudi naanzia pale pale. Na pembe za ndani: biti ni duara, haiwezi kukata kona ya mraba hata uibembeleze. Kona hizo nazimalizia kwa patasi ya marehemu baba, na sijawahi kuona aibu kwa hilo.

Kilichonishinda zaidi kilikuwa mataruma kuvunjika. Nilikuwa nimeshapata mbao kavu, za nyuzi ndogo, lakini kila taruma lilikatikia mahali pale pale, kwenye mkunjo wa ubavu. Mchoro nao nilikuwa sina, kwa sababu jahazi halina mchoro. Liko kwenye jicho la fundi. Nikaenda Bagamoyo na futi kamba, uzi na simu, kupima chombo kilichokuwa kikijengwa ufukweni. Fundi mkuu, mtu mzima aliyekuwa amekaa juu ya gogo akinoa tezo, alinitazama nikipima nusu saa nzima kabla ya kuniita.

"Wewe wa bara, hizo taruma zako umezikata kwenye nini?"

"Kwenye ubao, mzee. Kwa mashine."

"Ubao ulionyooka?"

"Ndiyo."

Akashika ubavu wa taruma mojawapo la jahazi lake, pale kwenye mkunjo. "Zako zinakatikia hapa." Wala hakuuliza. Akanionyesha rundo la magogo na matawi nyuma yake, yote yamepinda, mengine kama kiwiko, mengine kama shingo ya korongo. Yeye haupindi mti. Anautafuta uliokwisha kupinda wenyewe, ili nyuzi ziufuate mkunjo kutoka mwanzo hadi mwisho. Mashine yangu ilikuwa inachora mkunjo safi juu ya nyuzi zilizonyooka, na pale mkunjo unapozikata nyuzi katikati, karibu hakuna kinacholishikilia taruma.

Mti uliopinda kwa ukubwa wa sentimita 8 siwezi kuutafuta kila mara. Ninachofanya sasa ni kulikata kila taruma vipande vitatu, kila kimoja kimelala kwenye ubao kwa kufuata nyuzi, kisha safu ya pili juu yake, viungo vikipishana kama matofali. Kazi ni mara mbili. Tangu wakati huo sijavunja hata moja.

Kwa hiyo utaelewa kwamba jahazi la yule dada lilikuwa la nne, na nililiuza nikijiamini. Mbao kavu, nyuzi ndogo, mataruma ya safu mbili. Sitaha ya nyuma niliikata kwa mkangazi, kipande kimoja cha upana wa sentimita 12, na juu yake nikaichorea mistari kwa biti yenye ncha, mstari kila milimita 5, ukaona kabisa kwamba ni mbao nyingi zimepangwa. Watu walivutiwa na mistari ile kuliko kitu kingine chochote. Dakika kumi na moja za mashine.

Nilifika Dar asubuhi, nguo zimenigandia mwilini tangu kushuka basi. Mzee alinikaribisha vizuri, shikamoo akaipokea, chai ikaja. Kisha akaliweka jahazi mezani, akavaa miwani, akapitisha ukucha kwenye mstari mmoja wa sitaha.

"Mwanangu, hapa kalafati uliiweka wapi?"

Nikasema haikuwepo, kwamba ile ni mistari tu ya kuchora.

"Aah," akasema, na akanywa chai.

Sikuhitaji aendelee, ingawa aliendelea. Fundi wa jahazi halisi hapangi mbao nyembamba kwa urembo. Mbao zinavimba na kusinyaa, na kati ya moja na nyingine kuna mshono unaojazwa kalafati, yaani pamba na mafuta, unaokubali kubanwa na kuachiwa. Mistari ile ndiyo inayokifanya chombo kiweze kupumua. Mimi nilikuwa nimeichora pumzi juu ya kitu kisichopumua, kisha nikakigandisha kwa gundi pande zote nne.

Hesabu yenyewe haina uchawi. Jahazi nililijenga Oktoba, Mbeya, mita karibu 1,700 juu ya bahari, mwisho wa kiangazi, hewa kavu ya kupasua midomo. Kipimo changu kilisoma asilimia 9. Nilichoma kile kile kipimo kwenye kipande cha sitaha pale mezani kwa mzee, mwezi wa nne, masika: 15. Ubao hautanuki kwa urefu wake kiasi cha kuhangaisha, unatanuka kwa upana. Sentimita 12 za mkangazi kwa tofauti hiyo ni karibu milimita moja na nusu. Milimita hizo zikikosa pa kwenda zinakwenda juu, na zinapoiachia gundi zinalia, na mzee anaamka na fimbo.

Nimewahi kusikia mafundi wakisema mbao ikishakauka imekauka. Hapana. Inakauka kwa mahali ilipo. Meza uliyoipeleka Iringa na ile uliyoipeleka Tanga, hata zikitoka ubao mmoja, baada ya mwaka hazina upana mmoja.

Sikutengeneza siku ile. Nilichukua vipimo, nikarudi Mbeya, nikakata vibao vya kweli vya mbuni na mlimau, upana milimita 5, nikavituma kwa basi vikiwa vimefungwa kwenye gazeti, na nikamwomba mzee aviweke kabatini karibu na jahazi kwa wiki tatu bila kuvigusa, vizoee. Alivigusa, alikuwa anavipanga na kuvipangua kila siku, binti yake aliniambia. Nilipokwenda tena nikavilaza mwenyewe, gundi tone moja tu katikati ya kila kibao, na kati yake uzi mweusi wa kushonea viatu uliopakwa nta ya nyuki. Mzee ndiye aliyeuingiza uzi, kwa ncha ya kisu cha mezani, ulimi nje kama mtoto anayeandika. Jahazi hilo limepita masika mengine mawili sasa.

Siku hiyo hiyo, nikifunga begi, akaniagiza kazi nyingine. Yeye ni mzaliwa wa Kigoma, na meli aliyoijua kabla ya kujua kusoma ni Liemba. Alinieleza habari zake nikiwa nimesimama mlangoni: kwamba Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913 ikiitwa Graf von Goetzen, wakaifumua yote, wakaipakia kwenye makasha maelfu kwa maelfu, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaungwa upya na kushushwa ziwani 1915. Mwaka uliofuata, Julai, vita vikiwaelemea, wakaizamisha wenyewe, lakini mafundi wake waliipaka mitambo grisi kwanza. Waingereza waliiopoa 1924, na 1927 ikarudi kazini na jina la Liemba. "Grisi," mzee akarudia. "Mtu anaizamisha meli yake na bado anaipaka grisi."

Liemba ina urefu wa zaidi kidogo ya mita 71. Kwa moja kwa mia ni sentimita 71, na meza yangu ni 60, kwa hiyo mwili nitaukata nusu mbili, tabaka juu ya tabaka, na kuziunga. Hilo halinisumbui. Kinachosumbua ni kwamba ile ni meli ya chuma. Chuma hakina nyuzi. Mti wowote wenye vitundu, hata ukiupaka rangi mara tano, baada ya miezi nyuzi zinachungulia chini ya rangi, na ile meli ya chuma inarudi kuwa ubao mbele ya macho yako. Mafundi wa Ulaya wa meli ndogo tangu zamani wanapenda mpeasi kwa kazi hizi, kwa sababu ni laini, hauna michirizi, na kona yake haimeguki.

Na mipeasi tunayo. Njombe ipo, Rungwe ipo. Nilimpata mzee mmoja njia ya kwenda Tukuyu mwenye mpeasi uliozeeka, umeacha kuzaa, kuku wanalala juu yake. "Ugonile," nikamsalimia, tukaongea mvua, tukaongea bei ya ndizi, na mti nikauleta mwisho. Alidhani nataka miche. Nilipomwambia nataka gogo la kutengenezea meli alicheka hadi mkewe akatoka jikoni. Tulikubaliana bei, nami nikaongeza mche wa parachichi wa kupanda mahali pake. Ndaga fijo, akasema, na kuku wakahamia kwenye paa.

Nililipasua gogo mbao za inchi moja, nikapaka rangi ya mafuta vichwa vyote ili zisipasuke kuanzia mwishoni, nikazipanga juu ya dari ya karakana kwa vijiti katikati hewa ipite. Inchi moja mwaka mmoja, ndivyo mafundi wengi wanavyohesabu, lakini hesabu hiyo siiamini peke yake. Nimechagua kipande kimoja nikakiandikia namba, na kila Jumamosi nakishusha nakipima kwenye mizani ya mke wangu ya keki, naandika kwa chaki ukutani. Mwanzoni kilikuwa kinapoteza gramu kumi na zaidi kwa wiki. Kijana wangu sasa ndiye anayekumbuka siku ya kupima kuliko mimi, na mzee wa Dar anapiga simu kila mwisho wa mwezi, haulizi meli imefika wapi, anauliza gramu.

Jumamosi iliyopita ilikuwa 631. Ile ya kabla yake, 632. Nimemwambia bado kidogo.